Wakili wa Mji Mdogo Mbele ya Hukumu ya Historia: Maisha ya Lew Wallace kama Funzo la Wasifu na Tawasifu

IKISIRI

Makala haya yanachunguza maisha ya Lew Wallace (1827–1905), wakili wa mji mdogo wa Crawfordsville katika jimbo la Indiana, Marekani, ambaye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861–1865 vilimfanya jenerali na ambaye baadaye alikuja kuwa mtunzi wa riwaya ya Ben-Hur. Lengo si kusimulia ushujaa wake, bali ni kuonyesha jinsi maisha ya mtu mmoja yanavyoweza kuandikwa kwa namna zinazopingana, na jinsi mhakiki wa wasifu na tawasifu anavyopaswa kuupima ushahidi wa kila upande. Inajadiliwa kwamba tukio la siku moja, tarehe 6 Aprili 1862, liligeuka kuwa kesi iliyodumu kwa miaka zaidi ya arobaini, na kwamba kesi hiyo ilisikilizwa katika vitabu baada ya kukosa nafasi ya kusikilizwa mahakamani.

1.0 UTANGULIZI

Wasifu ni masimulizi ya maisha ya mtu yanayoandikwa na mtu mwingine, ilhali tawasifu ni masimulizi ambayo mtu huyaandika kuhusu maisha yake mwenyewe. Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili amezizoea tanzu hizi mbili kupitia kalamu ya Shaaban Robert, aliyeandika wasifu wa Siti binti Saad na pia akaandika habari za maisha yake mwenyewe. Hata hivyo, fasili hizi mbili, japo ni sahihi, hazitoshi. Zinamweleza msomaji ni nani aliyeshika kalamu, lakini hazimwelezi kwa nini aliishika, alikuwa akimjibu nani, na ni kitu gani alichokihofia endapo angenyamaza.

Maisha ya Lew Wallace yanafaa kujaza pengo hilo. Kwanza, yeye aliandika tawasifu. Pili, aliandikwa na watu wengine, akiwemo mkuu wake wa vita, Ulysses S. Grant, ambaye baadaye alikuwa Rais wa Marekani. Tatu, maandishi hayo hayakupatana. Mbele ya mhakiki, basi, wamesimama mashahidi wawili wenye heshima, kila mmoja akiwa na kauli yake, na karatasi ambayo ingewaamua imepotea. Hali kama hiyo wakili yeyote angeitambua mara moja.

2.0 MALEZI NA UWAKILI

Wallace alizaliwa tarehe 10 Aprili 1827 katika mji wa Brookville, Indiana. Baba yake, David Wallace, alikuwa mwanasheria na mwanasiasa ambaye alikuwa gavana wa jimbo hilo kuanzia 1837 hadi 1840. Mama yake alifariki mwaka 1834, mtoto akiwa na umri wa miaka saba. Kijana huyu hakupenda shule. Alitoroka darasani mara kwa mara, akapenda zaidi kuchora na kusoma vitabu alivyojichagulia. Alipofikisha miaka kumi na sita hivi, baba yake alikataa kuendelea kumlipia karo, naye akalazimika kujitafutia riziki kwa kunakili nyaraka katika ofisi ya karani wa wilaya.

Kazi hiyo ya kunakili haipaswi kupuuzwa. Katika zama zisizokuwa na mashine ya chapa, karani alikuwa mtunzaji wa maneno ya watu: hati za mashamba, madeni, wosia na hukumu. Mtu aliyekulia katika kazi ya namna hiyo hujifunza mapema kwamba jambo lililoandikwa lina nguvu kuliko jambo lililosemwa, na kwamba karatasi ikipotea, haki inaweza kupotea pamoja nayo. Funzo hilo lilikuja kumrudia Wallace kwa uchungu.

Alianza kusomea sheria katika ofisi ya baba yake, lakini hakufaulu mtihani wake wa kwanza. Mwaka 1846 vita baina ya Marekani na Meksiko vilimvuta, akaandikishwa kuwa luteni katika kikosi cha kwanza cha Indiana. Kikosi chake hakikushiriki mapigano makubwa. Kikosi cha pili cha jimbo hilo, kwa upande wake, kilipigana katika vita vya Buena Vista mnamo Februari 1847, kikarudi nyuma, na ripoti ya Jenerali Zachary Taylor ikakitwika lawama. Watu wa Indiana waliipokea ripoti hiyo kama tusi kwa jimbo zima. Wallace, ambaye hakuwako katika mapigano hayo, alimchukia Taylor kwa ajili ya ripoti ile, na mwaka 1848 aliendesha gazeti la kumpinga alipogombea urais. Kabla hajafikisha miaka ishirini na miwili, basi, alikuwa ameshaona jinsi mistari michache ya mkuu wa jeshi inavyoweza kuwavunjia heshima maelfu ya watu.

Mwaka 1849 alikubaliwa kuwa wakili. Alifanya kazi katika mji wa Covington, ambako alichaguliwa kuwa mwendesha mashtaka. Mwaka 1852 alimwoa Susan Elston, binti wa familia tajiri ya Crawfordsville ambaye pia alikuja kuwa mwandishi. Mwaka uliofuata walihamia Crawfordsville. Huko Wallace aliishi maisha ya kawaida ya wakili wa mji mdogo wa wakati huo: kufuatana na mahakama ya mzunguko kutoka wilaya hadi wilaya, kutetea kesi za mipaka na madeni, na kuingia katika siasa za jimbo. Mwaka 1856 alichaguliwa kuwa mjumbe wa seneti ya Indiana. Katika mwaka huo huo aliunda kikundi cha wanamgambo wa mjini, akakifunza gwaride la askari wa Zouave, yaani askari wa jeshi la Ufaransa lililokuwa Algeria, ambao habari zao alizisoma gazetini.

3.0 KUTOKA MAHAKAMANI HADI KAMBINI

Mnamo Aprili 1861 majeshi ya majimbo ya Kusini, yaliyojitenga ili kulinda utumwa, yaliipiga mizinga ngome ya Fort Sumter. Wallace alikuwa akitetea kesi mahakamani katika wilaya ya Clinton alipoletewa simu ya maandishi kutoka kwa Gavana Oliver P. Morton akiitwa Indianapolis. Gavana alimpa kazi ya kuandikisha vikosi sita ambavyo jimbo lilitakiwa kutoa. Wallace alikubali kwa sharti kwamba kazi ikiisha apewe uongozi wa kikosi kimojawapo. Wanaume walijitokeza kwa wingi kuliko idadi iliyohitajika, na wakili huyo akawa kanali wa Kikosi cha 11 cha Indiana.

Kabla ya kuondoka, aliwapigisha askari wake magoti mbele ya jengo la serikali mjini Indianapolis, akawaapisha waikumbuke Buena Vista. Kiapo hiki kina maana kubwa kwa mhakiki. Askari wale walikuwa wakienda kupigana na majimbo ya Kusini, na vita vya Meksiko vilikuwa vimepita miaka kumi na minne nyuma. Mkuu wao, hata hivyo, aliwaapisha kuifuta ripoti. Wallace alikwenda vitani akiwa na shauri la zamani moyoni, na shauri hilo lilihusu maandishi.

Kupanda kwake kulikuwa kwa kasi. Septemba 1861 alikuwa tayari brigedia jenerali. Februari 1862, katika mapigano ya Fort Donelson, jimboni Tennessee, alipeleka askari kuukinga upande wa jeshi uliokuwa ukivunjika, bila kungoja amri kutoka juu, na ngome hiyo ikasalimu amri tarehe 16. Mwezi uliofuata alipandishwa cheo kuwa meja jenerali akiwa na umri wa miaka 34 tu. Wakili ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa akihojiana na mashahidi wa wilaya sasa alikuwa akiongoza divisheni nzima.

4.0 SHILOH: NJIA MBILI, MASIMULIZI MAWILI

Mwanzoni mwa Aprili 1862 jeshi la Grant lilikuwa limepiga kambi kando ya mto Tennessee, sehemu iitwayo Pittsburg Landing, karibu na kanisa la Shiloh. Divisheni ya Wallace, yenye askari wapatao 7,000, ilikuwa imewekwa mbali kidogo upande wa kaskazini, Crump's Landing. Kutoka huko kulikuwa na njia mbili za kulifikia jeshi kuu. Njia ya kwanza ilifuata mto hadi Pittsburg Landing. Njia ya pili, iliyojulikana kama Shunpike, ilipita bara zaidi na kutokea kwenye upande wa kulia wa kambi, alikokuwa Jenerali Sherman. Wallace alikuwa ameitengeneza njia hii ya pili mapema, ili pande mbili ziweze kusaidiana hatari ikitokea.

Alfajiri ya tarehe 6 jeshi la Kusini lilishambulia kwa ghafla. Grant, akipita kwa meli, alisimama Crump's Landing na kumwambia Wallace ajiweke tayari. Amri yenyewe ilifika karibu na saa sita mchana. Haikuwa imeandikwa na Grant. Alimwambia msaidizi wake Rawlins, Rawlins akamtajia Kapteni Baxter, na Baxter akaiandika kwenye kipande cha karatasi ambacho hakikutiwa saini. Wallace aliisoma, akampa ofisa wake aihifadhi, naye akaipoteza siku hiyo hiyo.

Tangu hapo masimulizi yaligawanyika. Wallace alishikilia kwamba amri ilimtaka ajiunge na upande wa kulia wa jeshi, na kwa hiyo akafuata Shunpike, njia iliyoelekea huko. Grant alishikilia kwamba amri ilimtaka aje Pittsburg Landing kwa njia ya mto. Ambalo halina ubishi ni kwamba Wallace alikuwa tayari safarini alipofikiwa na ofisa mwingine, akaambiwa kwamba jeshi limesukumwa nyuma hadi karibu na mto, na kwamba akiendelea mbele atajikuta nyuma ya adui. Ilimbidi airudishe safu yake ndefu na kutafuta njia ya kuvuka kuelekea barabara ya mto. Alifika giza likiingia, mapigano ya siku hiyo yakiwa yamekwisha. Kesho yake divisheni yake ilipigana mpaka jeshi la Kusini likaondoka.

Shiloh ilishinda kwa umwagaji damu vita vyote vilivyotangulia katika nchi hiyo. Hesabu ya waliouawa, waliojeruhiwa, waliotekwa na waliopotea kwa pande zote mbili ilipita 23,000. Umma ulipigwa na butwaa, ukataka mtu wa kulaumiwa. Grant mwenyewe alishambuliwa magazetini kwa kukutwa hayuko tayari. Katika mazingira hayo hadithi ya jenerali aliyepotea njia ilikuwa na manufaa yake: ilitoa sababu fupi, nyepesi kueleweka, ya msiba uliokuwa na sababu nyingi. Kabla ya majira ya joto kwisha Wallace hakuwa tena na jeshi la kuongoza uwanjani.

Mwaka 1863 aliomba baraza la uchunguzi liitwe ili shauri lake lisikilizwe. Maofisa wa Grant walitoa maelezo yao ya maandishi, nayo yalikuwa dhidi yake. Sherman alimshauri aliondoe ombi hilo, naye akakubali. Wakili aliyeishi kwa kuwatetea wengine hakupata siku yake mahakamani.

5.0 BARUA ILIYOHIFADHIWA NA MJANE

Katika jeshi la Grant alikuwamo Wallace mwingine. Huyu ni William H. L. Wallace, naye pia wakili wa mji mdogo, kutoka Ottawa katika jimbo la Illinois, na naye pia mkongwe wa vita vya Meksiko. Hawakuwa ndugu. Huko Shiloh aliongoza divisheni iliyoshika mahali pagumu kwa saa nyingi, akapigwa risasi ya kichwa jioni ya tarehe 6. Mkewe, Ann, alikuwa amewasili kwa meli asubuhi ile ile akitaka kumshtukiza kwa furaha. Kesho yake mumewe alipatikana uwanjani akiwa hai bado, akauguzwa na mkewe, akafariki tarehe 10 Aprili.

Miaka ikapita. Februari 1885 Grant, akiwa anaugua saratani ya koo na akiandika kumbukumbu zake ili kuiachia familia chochote, alichapisha katika jarida la Century makala kuhusu Shiloh. Ndani yake Lew Wallace alilaumiwa tena. Wallace, ambaye wakati huo alikuwa balozi wa Marekani katika Dola ya Uthmaniya, alikuwa amemsihi Grant kwa miaka mingi aliangalie upya suala hilo. Kilichobadilisha mambo hakikuwa hoja zake. Ni karatasi moja. Katika vitu vya marehemu mumewe, Ann Wallace alikuwa amehifadhi barua ambayo Lew Wallace alimwandikia William Wallace tarehe 5 Aprili 1862, siku moja kabla ya vita, akipanga jinsi divisheni zao mbili zitakavyowasiliana na kusaidiana kupitia njia ile ya bara. Ann aliifikisha barua hiyo kwa Grant.

Grant aliisoma, akaongeza tanbihi katika sura yake ya Shiloh. Humo alikiri kwamba barua hiyo inayabadilisha kwa kiasi kikubwa yale aliyoyasema yeye na wengine kuhusu mwenendo wa Lew Wallace, na kwamba, laiti safu ya mbele isingerudishwa nyuma, njia aliyoifuata Wallace ingekuwa fupi zaidi kuufikia upande wa kulia. Grant alifariki tarehe 23 Julai 1885, na kitabu kikatoka mwishoni mwa mwaka huo.

Mambo matatu yanajitokeza hapa kwa mhakiki. Kwanza, ushahidi wenye nguvu zaidi katika shauri hili haukuandikwa kwa ajili ya shauri. Barua ya tarehe 5 iliandikwa kabla ya kosa, kabla ya lawama, na kwa hiyo haiwezi kushukiwa kuwa utetezi. Tawasifu huandikwa baada ya tukio, mwandishi akiwa anajua mwisho wake. Barua huandikwa katikati ya safari, mwandishi akiwa hajui la kesho. Pili, Grant hakuifuta lawama iliyokuwa katika matini. Aliiacha mahali pake na kuweka marekebisho chini ya ukurasa. Mpaka leo msomaji asiyesoma tanbihi hutoka na Wallace mwenye hatia, na anayesoma tanbihi hutoka na Wallace mwingine. Tatu, aliyeokoa ukweli hakuwa jenerali wala mwanahistoria, bali ni mjane aliyetunza barua kwa miaka 23. Wasifu wa wakuu mara nyingi hutegemea kazi ya watu ambao majina yao hayaandikwi kwenye jalada.

Ni haki pia kusema kwamba barua hiyo haimalizi kesi. Inathibitisha kwamba Wallace aliiona Shunpike kuwa njia ya kawaida ya kwenda kwa wenzake. Haithibitishi maneno yaliyokuwemo katika karatasi iliyopotea. Mhakiki makini huupa ushahidi uzito wake, hapunguzi wala hazidishi.

6.0 MONOCACY NA WASIOTAJWA

Baada ya Shiloh Wallace alipewa kazi za pembeni, na mbili kati ya hizo zinastahili kutajwa. Septemba 1862 alipelekwa kuukinga mji wa Cincinnati, akatangaza amri ya kijeshi na kuwahamasisha raia kuchimba mahandaki. Mji haukushambuliwa. Masimulizi mengi humpa Wallace sifa zote. Lakini ngome zile zilijengwa pia na wanaume Weusi wapatao 700 wa Cincinnati, ambao mwanzoni walikamatwa majumbani kwa ukatili na polisi na kulazimishwa kufanya kazi, kabla Wallace hajamteua Jaji William Dickson awaongoze kwa heshima. Wasifu wa jenerali unaosema tu kwamba aliujengea mji ngome hauelezi ni mikono ya nani iliyojenga.

Mnamo Julai 1864 jeshi la Kusini chini ya Jubal Early lilielekea Washington, mji mkuu, ambao ulikuwa na walinzi wachache. Wallace, aliyekuwa na makao yake Baltimore, hakungoja amri. Alikusanya askari wasiofika 7,000, baadhi yao wakiwa hawajawahi kupigana, akapanga safu kando ya mto Monocacy. Adui alikuwa na takribani mara mbili ya idadi hiyo. Tarehe 9 Julai Wallace alishindwa, akapoteza watu wapatao 1,300. Hata hivyo, Early alicheleweshwa kwa siku nzima, na katika siku hiyo askari wa Grant waliwahi kufika Washington. Katika kumbukumbu zake Grant aliandika kwamba Wallace, kwa kushindwa kule, aliisaidia nchi kuliko ambavyo majenerali wengi husaidia kwa ushindi.

Hapa ipo kinaya inayostahili kuzingatiwa. Shiloh ulikuwa ushindi uliomharibia jina, na Monocacy kulikuwa kushindwa kulikomtengenezea. Katika tukio la kwanza alihesabiwa saa alizochelewa. Katika la pili alihesabiwa saa alizomchelewesha adui.

7.0 BEN-HUR: JE, MTUNZI NDIYE MHUSIKA?

Vita vilipokwisha, Wallace aliketi katika tume ya kijeshi iliyowahukumu walioshtakiwa kula njama ya kumuua Rais Lincoln, kisha akaongoza ile iliyomhukumu Henry Wirz, mkuu wa gereza la Andersonville. Baadaye alirudi Crawfordsville na kazi ya uwakili, ambayo hakuipenda. Mwaka 1873 alichapisha riwaya yake ya kwanza, The Fair God. Kuanzia 1878 hadi 1881 alikuwa gavana wa eneo la New Mexico, na huko Santa Fe alikamilisha Ben-Hur, iliyotoka Novemba 1880. Mauzo yalianza polepole, kisha kitabu hicho kikawa miongoni mwa riwaya za Kimarekani zilizosomwa zaidi katika karne ya 19.

Kisa chake ni maarufu. Yuda Ben-Hur, kijana wa Yerusalemu, anainamia ukingo wa dari kumtazama liwali mpya wa Kirumi akipita. Kigae kinachomoka, kinamwangukia liwali. Ajali inageuzwa jaribio la mauaji. Rafiki yake wa utotoni, Messala, anamshuhudia kinyume. Bila kusikilizwa, Yuda anapelekwa kupiga makasia merikebuni, na mama yake na dada yake wanafungwa gerezani.

Wahakiki kadhaa wameona kivuli cha Shiloh katika tukio hili: ajali inayofanywa hatia, mkubwa anayeamini mabaya, na mshtakiwa anayekosa kusikilizwa. Uhakiki wa kiwasifu, unaoifasiri kazi kwa kurejelea maisha ya mtunzi, unavutiwa sana na mfanano wa namna hii. Tahadhari inahitajika. Wallace mwenyewe alieleza chanzo kingine: mazungumzo ndani ya gari moshi mwaka 1876 na Robert Ingersoll, wakili na kanali wa zamani aliyejulikana kwa kuipinga dini, yaliyomfanya aone haya kwa kutoijua imani yake na kuamua kuichunguza. Aidha, Yuda hupata kisasi uwanjani katika mashindano ya magari ya farasi, jambo ambalo maisha hayakumpa Wallace.

Linaloweza kusemwa kwa usalama ni hili: mtunzi aliyejua uchungu wa kulaumiwa bila kusikilizwa aliweza kuuandika uchungu huo kwa namna iliyowagusa mamilioni ya wasomaji ambao hawakujali lolote kuhusu Shiloh. Tajiriba ya mtunzi ni udongo. Riwaya ni chungu. Hakuna anayeweza kukitazama chungu akadai amemwona mchimba udongo.

Kinaya nyingine ipo Santa Fe. Gavana huyu aliyelilia kusikilizwa alikutana mwaka 1879 na kijana mhalifu aliyejulikana kama Billy the Kid, akamwahidi kinga endapo atatoa ushahidi. Kijana alitoa ushahidi, msamaha haukuja, na mwaka 1881 akauawa. Mnamo Desemba 2010 gavana wa New Mexico wa wakati huo alilichunguza suala hilo upya, akakataa kutoa msamaha. Mwandishi wa wasifu anayemwonea Wallace huruma kwa sababu ya Shiloh anapaswa kuiweka ahadi hii katika mizani ile ile.

8.0 TAWASIFU ISIYOKAMILIKA

Katika uzee wake Wallace aliandika tawasifu. Alirudi Shiloh kwa kirefu, akieleza njia, saa, madaraja na maneno ya kila mjumbe kama wakili anayewasilisha hoja za mwisho. Mfumo wa kitabu unafichua nia: miaka mingi ya amani hupita upesi, ilhali siku moja ya Aprili inapewa kurasa nyingi. Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa. Katika uchanganuzi wa usimulizi, uwiano kati ya muda wa tukio na urefu wa maelezo yake ni kipimo cha uzito wa tukio hilo moyoni mwa msimulizi.

Wallace alifariki Crawfordsville tarehe 15 Februari 1905. Masimulizi yake yalikuwa yamefika vita vya Monocacy, mwaka 1864. Mkewe Susan, akisaidiwa na mwandishi Mary Hannah Krout, alikamilisha sehemu iliyobaki, na kitabu kikatoka 1906 katika juzuu mbili. Hivyo basi, kitabu hicho kinaanza kama tawasifu na kinamalizika kama wasifu. Miaka arobaini ya mwisho, ikiwemo miaka ya Ben-Hur iliyomletea umaarufu, haikusimuliwa na mwenyewe. Alitumia nguvu zake zilizosalia kumtetea jenerali, akawaachia wengine wamsimulie mtunzi.

9.0 HITIMISHO

Maisha ya Lew Wallace yanaonyesha kwamba tawasifu si kumbukumbu tupu. Mara nyingi ni jibu. Nyuma yake kuna kauli iliyotangulia, nayo mhakiki asiyeitafuta atasikia upande mmoja wa mazungumzo na kudhani ni hotuba. Yanaonyesha pia kwamba wasifu si mali ya aliyeshika kalamu peke yake. Ripoti ya mkuu, karatasi isiyo na saini, barua katika sanduku la mjane, tanbihi ya mtu anayekaribia kufa na kurasa zilizomaliziwa na mke: vyote hivi ni waandishi wa maisha ya mtu mmoja.

Kwa msomi wa Kiswahili anayekusudia kuandika wasifu wa mwalimu, mwanasiasa, mtunzi au mpiganaji wa kwao, mambo manne yafuatayo yanapendekezwa. Atafute maandishi yaliyotungwa kabla ya tukio kugeuka ubishi. Asome tanbihi kwa makini kama asomavyo matini. Aulize ni nani aliyefanya kazi ambayo sifa yake ilikwenda kwa mwingine. Na mahali ambapo karatasi imepotea, awasilishe kauli za pande zote mbili, kisha amwachie msomaji nafasi ya kuamua. Wallace hakuyapata hayo kwa baraza la mwaka 1863, na marehemu hana mahakama nyingine ya rufani ila uadilifu wa yule anayemwandika.

Maswali ya mjadala

1. Grant aliacha lawama katika matini na kuweka marekebisho katika tanbihi. Je, mwandishi anayegundua ushahidi mpya ana wajibu gani kwa msomaji?

2. Kwa kutumia tawasifu yoyote ya Kiswahili uliyoisoma, onyesha tukio lililopewa nafasi kubwa kuliko muda wake, na ueleze sababu.

3. "Tajiriba ya mtunzi ni udongo, riwaya ni chungu." Jadili nguvu na mipaka ya uhakiki wa kiwasifu.